Gautrain ya Joburg kwa sisi wa ndege: treni haina shida, shida ni ukishatoka stesheni

Mimi ni mhudumu wa ndege, Mtanzania, naruka na kampuni moja ya huko Ghuba, na Joburg, yaani Johannesburg ya Afrika Kusini, nimelala mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Kila wakija wadogo zetu wapya, awe katoka Dar, Arusha, Nairobi au Mombasa, swali ni lile lile, dada Joburg mnatokaga hotelini kweli au tukae tu ndani tuangalie tivii mpaka basi la kiwanjani lije kutuchukua? Sasa leo naandika kuhusu Gautrain, ile treni ya mwendokasi inayotoka kiwanja cha OR Tambo kwenda Sandton, na ukibadilisha inakupeleka Rosebank na Park upande mmoja, Pretoria upande mwingine. Kiukweli hii treni ndo imenionyesha mji, kabla ya hapo miaka miwili mizima Joburg nilikuwa naijua kwa dirisha la ghorofa ya nne tu.

Hoteli tunayolala siitaji jina, na nyie wenzangu nawaomba sana msiwe mnaitaja popote wala kupiga picha mbele ya kibao chake mkiwa na sare. Mtu akishajua wahudumu wa kampuni fulani wanashukia wapi na saa ngapi basi kazi yake imebaki nusu, na kila mtu anajua tunatembea na hela za kigeni.

Haya treni. Ilianza Juni 2010, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia, na kipande cha kwanza kufunguliwa ndo hiki hiki cha kiwanjani mpaka Sandton. Inafika kilomita 160 kwa saa, dakika kama 15 hivi uko Sandton, wakati kwa gari muda wa foleni unaweza ukakaa saa nzima unaangalia taa nyekundu za walio mbele. Stesheni ya kiwanjani iko juu, unapanda ngazi za umeme unafata vibao, huhitaji kumuuliza mtu. Hapo naomba nisisitize, ukitoka pale wanapotokea abiria utakutana na watu wana vibeji shingoni wanakwambia njoo dada nikuonyeshe treni, nikubebee, teksi teksi, wewe sema asante endelea kutembea. Na usibadilishe hela nyingi pale chini mbele za watu. Kufuatwa kutoka kiwanjani ni uhalifu unaojulikana kabisa Joburg, kuna watu kazi yao ni kusimama kuangalia nani kabadilisha hela nyingi, nani ana begi zuri, halafu gari lao linakufata mpaka mlangoni unaposhukia.

Kulipa ni rahisi, unagusa kadi yako ya benki ya kugusisha pale getini au unanunua kadi yao. Kila mtu na kadi yake, msitegemee kadi moja watu watatu. Bei kutokea kiwanjani ni kubwa, zaidi ya randi 200 kwenda tu, kwa hiyo kwenda na kurudi posho inaumia. Ndani safi, walinzi wapo, kamera zipo, na mabehewa ya watu wa kiwanjani yametengwa na ya abiria wa kila siku. Kula, kunywa na kutafuna bigijii hairuhusiwi kabisa. Mara ya kwanza nilitoa chupa yangu ya maji, mlinzi mama mtu mzima akaja taratibu akaniambia "sisi, no amanzi", sisi kwa Kizulu ni dada, nikaelewa kabla hajamaliza maana amanzi si maji hayo hayo, nikarudisha kwenye mkoba nikamsalimia sawubona akafurahi mpaka akanionyesha mlango gani uko karibu na ngazi nikifika Sandton.

Sasa kuna ujanja wahudumu wanaambiana, na najua mtaambiwa tu kwa hiyo bora mniulize mimi. Stesheni inayofuata baada ya kiwanja inaitwa Rhodesfield, iko Kempton Park, hoteli nyingi za wasafiri ziko maeneo hayo. Ukipandia hapo badala ya kiwanjani nauli inashuka sana kwa sababu unahesabiwa abiria wa kawaida. Watu wanatembea kwa miguu kutoka hotelini mpaka Rhodesfield ili waokoe hizo hela. Mimi nasema ukipelekwa na gari la hoteli mpaka mlangoni sawa, asubuhi, mko wawili watatu. Kutembea hapana. Ile mitaa ina kuta ndefu na nyaya za umeme juu, watu wote wako ndani ya mageti au ndani ya magari, anayetembea ni wewe peke yako na simu yako. Si kama kwetu ambapo ukipatwa na jambo mama muuza vitumbua ataona na vijana wa bodaboda wataitika, pale ukipiga kelele unaisikia mwenyewe.

Na hapa ndo nataka muelewe vizuri, treni ni salama, hatari iko kwenye zile mita 100 kutoka geti la stesheni mpaka unapokwenda, na iko kwenye saa. Mwaka juzi mwezi wa sita tulikuwa wanne Sandton, tumekula vizuri, tumepiga picha na lile sanamu la Mandela pale Nelson Mandela Square, la shaba, mita 6, watoto wanacheza miguuni kwake. Mmoja wetu, dada mdogo mgeni kazini, akasema anatoka nje barabarani aone kama gari aliloita limefika. Ilikuwa saa 11 na nusu jioni. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linazama saa 12 na kitu mwaka mzima, lakini Joburg mwezi wa sita saa 11 na nusu giza linaingia, na linaingia kwa haraka, ukiinua macho kwenye simu unakuta taa zimewaka. Kasimama ukingoni mwa barabara, simu mkononi, mwanga umemmulika usoni, anasoma namba ya gari. Mkono ukatokea nyuma, simu imeenda. Hakupigwa, nashukuru Mungu, lakini mpaka leo nakumbuka vidole vyake vilibaki vimekunjwa vile vile kama bado ameishika, ananiangalia, hasemi kitu. Nilimvuta ndani nikamkalisha, nikamshika ile mikono mpaka ikalegea. Humo ndani ya simu kulikuwa na ratiba yake ya kazi, kadi ya benki, picha ya pasipoti, kila kitu.

Tangu siku hiyo na mimi gari nalisubiria ndani, mlinzi alipo, natoka likiwa limesimama na namba nimeshaikariri. Na hata gari lenyewe jueni kuna ugomvi wa muda mrefu kati ya madereva wa teksi na wale wa kuita kwa simu, mwaka 2017 magari yalichomwa moto pale pale nje ya stesheni ya Sandton, ndo maana dereva mwingine atakuomba ukae siti ya mbele kama ndugu yake au atakwambia tukutane mlango mwingine. Kukaa mbele sawa. Kuhama mlango kwenda pembeni kusikokuwa na watu, futa safari uite nyingine.

Mkiwa garini madirisha juu, mkoba chini miguuni si mapajani. Kwenye mataa, wao wanaita roboti, angalieni chini barabarani, mtaona vipande vidogo vya kioo vinang'aa kama sukari ya mawe. Hayo ni madirisha ya watu. Wanatumia kipande cha ule udongo mweupe wa plagi ya gari, kidogo kama punje ya hindi, kikirushwa kioo kinapasuka chote bila kelele kubwa, mkono unaingia unatoka na mkoba taa haijageuka kijani.

Wapi pa kwenda na masaa 24? Rosebank ndo chaguo langu, ukishuka uko katikati ya maduka na mikahawa, soko la vitu vya sanaa lipo jirani, unatembea mchana bila wasiwasi mkubwa. Sandton nzuri ila ni maduka ya gharama tu. Park ndo mwisho wa reli, katikati ya mji mkongwe, hapo sishuki bila mwenyeji, na nasema hivi nikijua Constitution Hill haiko mbali na ni mahali pa kuona, lile gereza la zamani walilofungwa Gandhi na Mandela, nendeni lakini kwa gari mpaka getini. Soweto pia, mtaa wa Vilakazi alipoishi Mandela, nendeni na mtembezaji anayejulikana.

Malalamiko yangu kwa treni ni moja kubwa, inalala mapema. Saa 3 usiku na kitu imeshaisha, na wikiendi unasubiri karibu nusu saa kati ya treni na treni. Mtu aliyezoea metro ya Dubai atadanganyika akae kwenye chakula mpaka saa 4. Hoteli kadhaa wanakwambia piga tu tutakufata, sisi usiku mmoja tulipiga mara tano hakuja mtu, tukabaki wawili tunagawana koti moja kwenye baridi ya Julai tumetoka Doha na fulana.

Kitu kingine hakihusu treni lakini siwezi kukiacha. Mapokezi wakikutajia namba ya chumba kwa sauti, wengine wakiwa wanasikia, omba chumba kingine, bila aibu, kwa heshima. Na simu ya chumbani ikilia usiku eti ni mapokezi kuna fundi anakuja, kata, piga wewe mwenyewe uulize.

Gautrain nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja ni ya usiku. Andikeni 10111 ya polisi na 112 ya dharura kwenye karatasi, si kwenye simu maana simu ndo wanayochukua, pasipoti iacheni kwenye sefu mtoke na kopi. Mimi tarehe 14 nina Joburg tena, nitapanda ya saa 4 asubuhi kwenda Rosebank na saa 10 jioni niko chumbani, anayeruka siku hiyo aniambie twende wote.