Lichess kwa mchezaji wa Bukavu: uzoefu wangu na namna inavyohesabu pointi

Naipa nyota nne na nusu kwa tano, na ile nusu niliyoikata nitaieleza. Lichess ni tovuti na programu ya kucheza sataranji mtandaoni; ni ya bure na haina matangazo, kwa hiyo haikuli mega kwa video ambazo hukuziomba. Lakini ninachokipenda zaidi ni namna inavyopima kiwango chako cha sataranji na kukutafutia mpinzani wa saizi yako.

Kila mgeni anaanza na 1500. Wengi huichukua kama zawadi, kisha wanakata tamaa wakijikuta 1100 siku ya kwanza. Ile 1500 ni kisio tu, maana mfumo haujakujua. Hesabu yake inaitwa Glicko-2, ya Mark Glickman, na inakuwekea namba mbili: kiwango chenyewe, na ukubwa wa shaka juu ya kiwango hicho. Shaka ikiwa kubwa, mchezo mmoja unaweza kukusogeza zaidi ya pointi 100. Ikishapungua, kumshinda mtu aliye sawa na wewe kunaleta kama 5 au 6 hivi. Alama ya kuuliza karibu na namba yako inamaanisha shaka bado imepita 110; usijilinganishe na mtu yeyote mpaka iondoke. Ukikaa muda mrefu bila kucheza, shaka inakua tena.

Tofauti ya pointi inatabiri matokeo. Anayekuzidi 100 anatazamiwa kuchukua kama alama 64 katika michezo 100, anayekuzidi 200 kama 76, anayekuzidi 400 kama 91. Ndiyo maana kumpiga mtu aliye mbali chini yako hakukuongezei karibu kitu, lakini yeye akikupiga unalia.

Kosa ninaloliona sana kwa vijana wa huku ni kuchanganya aina za muda. Kila aina ina kiwango chake. Lichess inachukua sekunde za kuanzia na kujumlisha sekunde za nyongeza (zile unazoongezewa kila hatua) mara 40. Dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3 ni 300 na 120, yaani 420: hiyo ni Blitz. Kuanzia 30 mpaka 179 ni Bullet, kuanzia 480 ni Rapid, kuanzia 1500 ni Classical. Mtu anaweza kuwa 1700 kwenye Rapid na 1350 kwenye Bullet, na namba zote mbili ni za kweli.

Sasa ile nusu nyota. Saa yako haisimami mtandao ukikatika. Lichess hufidia ucheleweshaji mdogo katika kila hatua, lakini umeme ukienda na antena ya mtaani ikazimika, hakuna cha kufidia, na mpinzani ana haki ya kudai ushindi. Ukiacha michezo mara kwa mara, unafungiwa kwa muda. Kabla ya kucheza fungua lichess.org/lag: namba ya mtandao ikirukaruka, achana na Bullet. Dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 inavumilia zaidi, na kiwango chako kitaonyesha sataranji yako badala ya mtandao wako.

Kumpata mpinzani kunategemea wangapi wanasubiri saa hiyo. Hapa saa mbili usiku, Ufaransa pia ni saa mbili majira ya joto, na saa moja majira ya baridi, kwa hiyo jioni yetu ina watu tele. Kwenye Classical utasubiri zaidi. Ukitengeneza mchezo mwenyewe, unaweza kuweka mpaka wa kiwango. 200 chini na 200 juu inatosha. Ukiubana kuwa 50, utakaa unatazama skrini.

Waliozoea Free Fire, ule mchezo wa simu wa kupigana risasi, wanauliza mbona huku hakuna msimu unaoshusha madaraja. Kule daraja ni ngazi ya kupandia, msimu mpya ukiingia unarudishwa chini upande tena. Huku namba ni kipimo, na kipimo hakina sababu ya kufutwa.

Na ukiamka ukakuta umeongezewa pointi bila kucheza, usishangae: mtu aliyekushinda amekamatwa akitumia kompyuta kumchezea, na ulichopoteza kwake kimerudishwa.