Kozi ya umeme wa jua mjini Marsabit: itampa fundi kazi kaskazini?

Nilijiandikisha katika kozi fupi ya umeme wa jua kwenye chuo kimoja cha ufundi mjini Marsabit nikiwa tayari nimefunga nyaya za nyumba kwa miaka sita, na swali nililokwenda nalo lilikuwa moja tu: je, fundi umeme akimaliza kozi hii atapata kazi ya kumlisha kaskazini mwa Kenya? Baada ya wiki tatu za masomo na karibu mwaka mzima wa kuitafuta kazi hiyo, jibu langu ni kwamba kazi ipo, ila haipo mahali ambapo wengi wetu tulidhani, na kozi yenyewe inamwandaa mtu kwa nusu yake tu.

Wengi wa wenzangu darasani walikuja wakiifikiria mitambo ya upepo ya Loiyangalani. Si ajabu, kwa kuwa ni mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na ilipokuwa ikijengwa vijana wengi walipata vibarua. Hata hivyo ujenzi uliisha, umeme ukaanza kuingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2018 kupitia laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na matengenezo yaliyobaki yanahitaji watu wachache waliosomea mitambo hiyo hasa. Laini itokayo Ethiopia, iliyoanza kazi mwaka 2022, nayo inapita juu ya malisho yetu, lakini ni umeme wa mkondo mnyoofu (DC), yaani usiogeuza mwelekeo, wa kilovolti 500, ambao hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida. Mkufunzi alitueleza haya siku ya kwanza bila kuficha, jambo ambalo namshukuru kwalo.

Kazi iliyopo ni ya pampu za visima, jokofu za chanjo katika zahanati, taa za shule na vibanda vya kuchaji simu. Mradi wa serikali wa umeme wa jua uitwao K-OSAP, unaolenga kaunti 14 zisizofikiwa vyema na gridi, Marsabit ikiwa mojawapo, umeongeza matarajio ya kazi za aina hiyo. Makandarasi huja na mafundi wao, hufunga, kisha huondoka. Kifaa kikiharibika, anayetafutwa ni fundi aliye karibu na mwenye leseni.

Upande wa vitendo, kozi hii ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Mkufunzi alitufanya tubane viunganishi vya kebo za paneli hadi vidole vikatuuma, naye alivuta kila kimoja kwa mkono kabla ya kukikubali. Kimoja kilichobanwa vibaya alikiacha makusudi juani kikipitisha mkondo. Tuliporudi plastiki yake ilikuwa imelainika na kuanza kupinda. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka kazini bila kuvuta kila kiunganishi.

Kasoro kubwa ni kwamba pampu hazikufundishwa kabisa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kisima upande wa Maikona, ambapo pampu ilikuwa imesimama kwa siku nne na ngamia walikuwa wamezunguka birika tupu. Paneli zilikuwa salama na volti zilikuwa za kutosha, lakini kidhibiti cha pampu kilionyesha alama ambayo sikuwahi kuiona. Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia mkufunzi, naye akanielekeza hadi nikagundua kwamba waya wa kihisio cha maji ulikuwa umekatika ukingoni mwa bomba, na kwa hiyo kidhibiti kiliamini kwamba kisima kimekauka. Kuurekebisha kulichukua dakika kumi, baada ya saa tatu za kubahatisha ambazo somo moja lingeniondolea.

Jambo la pili ni leseni. Cheti cha chuo si leseni, na wenzangu kadhaa hawakulijua hilo hadi walipokataliwa zabuni. Kanuni za mwaka 2012 zinagawa mafundi wa sola katika madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo kabisa hadi ile mseto na iliyounganishwa na gridi, na maombi hupelekwa kwa mamlaka ya udhibiti wa kawi. Chuo kiliahidi kutusaidia kuomba, lakini barua yake ya kuunga mkono maombi yangu ilitoka baada ya miezi minne, na kazi mbili zilinipita nikiisubiri.

Kwa fundi ambaye tayari anajua kufunga nyaya, naipendekeza kozi hii kwa dhati, mradi aidai barua hiyo kabla ya kumaliza ada na aje na mita yake ya kupimia umeme, kwa sababu tulikuwa kumi na wanane tukigombania mbili. Asiyewahi kushika waya atachanganyikiwa. Vilevile ahesabu nauli kabla ya kutaja bei, kwani safari ya kutwa hadi kijijini inaweza kumeza nusu ya malipo, na kamati za maji hulipa polepole. Mkufunzi ameniambia kwamba ameomba kidhibiti cha pampu kwa ajili ya darasa lijalo. Kikifika, nitarudi kwa somo hilo moja na nitalilipia tena.