Hilux ya zamani: rimu pana zenye spesa au rimu zake za chuma?

Kwenye Hilux za 4x4 za miaka ya 1990, zenye stadi (boliti za tairi) sita kwenye duara la mm 139.7 (6x139.7), mtindo wa kutoa tairi nje ya bodi kwa spesa za mm 50, yaani vipande vinavyokaa kati ya rimu na habu (kitovu kinachoshika tairi), umeenea. Gari linaonekana limetanuka, lakini gharama yake ni kubwa. Mzigo unasogea mbali na beringi, zinakufa mapema. Usukani unakuwa mzito, na tope linarukia milango. Baya zaidi, nati zinazofunga spesa kwenye habu zimejificha nyuma ya rimu: zikilegea, huzioni mpaka ufungue tairi.

Rimu za chuma za inchi 15 zinapondwa, zinagongwa, zinanyooshwa. Kinachohitaji kazi ni kutu tu: piga msasa hadi chuma king'ae, praima, kisha rangi nyeupe au ya fedha, tabaka mbili. Usipake pale nati zinapokalia; rangi ikisagika, nati hulegea. Kaza nati kwa kuruka msalaba (moja, kisha ya upande wa pili), rudia baada ya kilomita 100.

Ukitaka upana, rimu ya inchi 7 inabeba tairi la 31x10.5 (kimo na upana kwa inchi) bila spesa. Hilux hiyo ndiyo inayopendeza.