Sindano za kujaza mashavu katika saluni moja ya Kilimani
Mapokezi yalikuwa mazuri, lakini mhudumu alinipangusa shavu kwa pamba iliyoloweshwa maji ya bomba, kisha akavuta dawa kutoka kichupa kilichokwisha kufunguliwa, na hapo ndipo ningepaswa kuinuka na kuondoka, lakini nikabaki nikachomwa. Wiki ya 4 baada ya sindano vilitokea vinundu vyekundu, vigumu kama punje za mahindi, vikaanza kutoa usaha. Saluni iliniambia nikande kwa barafu. Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo kikapimwa, na vipimo vikaonyesha bakteria wa jamii ya maikobakteria, ambao huishi hata katika maji ya mfereji na hawasikii dawa za siku 5 tulizozizoea. Sasa ninameza antibiotiki za aina 2 kwa miezi kadhaa. Fedha zangu hazijarudishwa, wala sijaombwa radhi.