Magnetometa ya Skwidi kwa Mpimaji wa Aloi Zinazozeeka

Anayetafuta magnetometa ya skwidi, yaani chombo cha kupima usumaku kinachotumia kihisi cha superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana), huonyeshwa kwanza jinsi inavyohisi usumaku mdogo mno, na sifa hiyo ni ya kweli. Mashine ninayoihakiki, ambayo ni ya aina inayosogeza sampuli sentimita chache ndani ya koili za superkondakta, hupima kipande cha aloi cha miligramu kadhaa bila taabu yoyote. Mimi, hata hivyo, nimeitumia kwa kazi moja mahususi, yaani kufuatilia jinsi usumaku unavyofifia katika aloi zisizo na mpangilio, na katika kazi hiyo wepesi wa kuhisi si jambo la kwanza. Kinachohitajika zaidi ni saa ya kuaminika, halijoto isiyoyumba na uga wa sumaku ambao, ukiambiwa ni sifuri, uwe sifuri kweli.

Aloi ninazozungumzia ni kama shaba au fedha iliyotiwa asilimia chache za manganizi. Atomi za manganizi hutawanyika ovyo ndani ya metali, na kwa kuwa mvutano kati ya spini zake (sumaku ndogo ndogo ambazo kila atomi hubeba) hugeuka mwelekeo kulingana na umbali, hakuna mpangilio unaoweza kuziridhisha zote kwa pamoja. Zikipoa vya kutosha huganda katika hali iitwayo glasi ya spini. Fedha yenye asilimia 2.6 ya manganizi hufanya hivyo karibu na kelvini 10.4. Mpimaji huipoza aloi ndani ya uga mdogo, husubiri kwa muda aliouchagua, kisha huuzima uga na kuandika usumaku unaobaki. Sehemu yake huanguka papo hapo, na iliyosalia hushuka polepole mno, kwa saa nyingi, kwa namna inayokaribiana na logi (logarithimu) ya muda. Watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha mwaka 1983, kwa aloi ya shaba na manganizi, kwamba kasi ya mabadiliko hayo hufikia kilele pale muda uliopita unapokaribia kulingana na muda wa kusubiri. Aloi, kwa maneno mengine, huzeeka, na umri wake husomeka katika mkunjo wa kufifia.

Kilele hicho mashine hii hukionyesha vizuri, mradi muda wa kusubiri uwe mrefu. Ukisubiri sekunde 1,000 au 10,000, mkunjo hutoka safi, na halijoto hubaki imara usiku kucha.

Tatizo liko mwanzoni. Kila usomaji huhitaji sampuli isafiri ndani ya koili na programu ilinganishe wimbi la volti na umbo linalotarajiwa, jambo linalochukua makumi ya sekunde. Kabla ya hapo sumaku ya mashine inayotoa uga nayo imeshatumia muda wake kushuka na kutulia. Dakika ya kwanza, ambayo kwenye mhimili wa logi unaoanzia sekunde moja ni nusu ya mkunjo wa saa nzima, hupotea karibu yote. Isitoshe, ulinganishaji huo huchukulia kwamba usumaku haubadiliki wakati sampuli inasafiri, na katika sekunde za mwanzo dhana hiyo si sahihi, hivyo hata nukta chache zinazopatikana huwa zimepindishwa kidogo. Programu nayo hupanga vipimo kwa vipindi vilivyo sawa. Mwenye kutaka vipindi vya logi itambidi aandike mpangilio wake mwenyewe, kero ambayo kwa chombo cha ghali namna hii sioni sababu yake.

Kuhusu uga, mtumiaji awe macho sana. Sumaku ya superkondakta iliyowahi kupandishwa hadi tesla kadhaa (tesla ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku) hubakiwa na uga ulionaswa wa millitesla chache, ilhali vipimo vya kuzeeka hufanywa kwa uga wa millitesla moja au chini yake. Kwa hiyo mashine inayoshirikiwa na watu wa vipimo vya uga mkubwa inaweza kukupa “sifuri” iliyo kubwa kuliko uga wako wote. Kuipasha moto sumaku mpaka ipoteze usuperkondakta wake husafisha uga huo, na ninashauri huduma hiyo iulizwe kabla ya kulipa.

Upoezaji una kasoro ndogo isiyotajwa katika vitabu vya maelekezo: halijoto hupita chini ya lengo kisha hurudi juu. Kwa metali ya kawaida haijalishi, lakini glasi ya spini hukumbuka ilikopita, na umri wake hautaanza kuhesabiwa pale ulipodhani. Kushuka taratibu katika nyuzi za mwisho hupunguza kasoro hiyo.

Kwa maabara inayopima aina nyingi za sampuli, ninaipendekeza bila kusita. Kwa anayechunguza kufifia tu, chombo chenye sampuli isiyosogea, koili ndogo ya shaba inayozimika mara moja na kinga dhidi ya uga wa nje kitamfaa zaidi, hata kama kitakuwa na uwezo mdogo wa kuhisi na itambidi akiunde mwenyewe.