Moby-Dick: nimekimaliza kwenye jaribio la tatu, na kuna sehemu za kuruka

Kopi yangu ya hii riwaya ya Herman Melville nilinunua kwa wale wa vitabu vya mitumba wanaotandika chini pale Posta, elfu tano baada ya kubishana kidogo. Karatasi zimeshakuwa za njano, maandishi madogo sana, kurasa mia sita na kitu. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa anapigia mistari kwa penseli, kila ukurasa mstari mmoja au miwili, na maneno magumu kayaandikia maana pembeni kwa mwandiko mzuri tu. Mistari inakuja, inakuja, ikifika chapta ya 32 basi. Kuanzia hapo kitabu ni kama hakijawahi kufunguliwa.

Na mimi mara ya kwanza niliishia hapohapo.

Mwezi uliopita ndo nimekimaliza na nataka nikizungumzie vizuri, maana nawajua watu wengi, wasomaji kwelikweli, wanaoona aibu kusema kwamba hivi vitabu vya zamani vinavyosifiwa dunia nzima vinawashinda. Wanadhani ni Kiingereza chao au ni simu imewaharibu akili. Hapana jamani, kitabu chenyewe kinakuacha kwenye mataa. Kinaanza vizuri mno alafu katikati mwandishi anaisimamisha stori anaanza kufundisha.

Huo mwanzo sasa. Ishmael ni kijana hana hela, ameamua kwenda baharini, anafika mji wa New Bedford usiku wa baridi anatafuta gesti ya bei nafuu, mwenye gesti anamwambia kitanda kipo ila utalala na mpiga chusa mmoja ambaye hajarudi bado, yuko mtaani anatafuta mteja wa kichwa cha mtu kilichokaushwa. Usiku wa manane jamaa anaingia na mshumaa, uso na mwili mzima umechorwa. Ndo Queequeg huyo. Unategemea watauana, lakini asubuhi Ishmael anaamka amekumbatiwa, na siku moja baadaye Queequeg anatoa akiba yake, dola 30 za fedha, anazimwaga mezani anagawa mafungu mawili sawa, anamsukumia mwenzake fungu lake bila maneno mengi. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kidogo. Chapta 20 za kwanza nilizimaliza kwa siku mbili.

Meli ya kuwinda nyangumi waliyojiunga nayo inaondoka Krismasi, Nahodha Ahab mwenye mguu wa mfupa wa nyangumi anatokea chapta ya 28, unajiweka sawa kwamba sasa kazi imeanza, na chapta ya 32 mwandishi anakuja kukupangia aina za nyangumi kwa makundi, wakubwa, wa kati, wadogo, kama anapanga vitabu kwenye shelfu, na anasisitiza kabisa kwamba nyangumi ni samaki. Ndefu, haina mtu ndani yake, haina tukio. Mara ya pili nilijikaza nikaivuka, nikaenda kukwama 55, 56 na 57, chapta tatu mfululizo za michoro ya nyangumi, nani alichora vibaya na nani alichora afadhali. Nikakirudisha juu ya kabati mwaka mzima.

Kilichonitoa mzigo moyoni ni kujua kwamba hata watu wa enzi zake kiliwashinda. Kilitoka 1851, London mwezi wa 10 na New York mwezi wa 11, na ile ya London ilitoka bila kile kipande cha mwisho kinachoeleza nani alipona, kwahiyo wahakiki wakawa wanalalamika kwamba kama wote wamekufa nani sasa anatusimulia. Mpaka Herman Melville anafariki 1891 kilikuwa kimeuza kama kopi elfu tatu tu. Mtu aliyeandika kitabu hiki alimalizia miaka 19 ya kazi akiwa afisa forodha pale New York, anakagua mizigo. Watu walikuja kumkumbuka ameshazikwa, kwenye miaka ya 1920 hivi. Inaniuma kila nikiifikiria.

Mara ya tatu nilibadilisha namna. Kwanza niligundua chapta zake nyingi ni fupi, kurasa tatu nne, zipo 135 na kile kipande cha mwisho, nikajiwekea mbili kwa siku, basi. Pili nikapakua sauti yake LibriVox, ni bure, wanasoma watu wanaojitolea, vitabu ambavyo hakimiliki yake imeshaisha. Asubuhi Mbagala mpaka Posta kwenye foleni nasikiliza, jioni nikirudi nafungua kopi yangu naangalia tu zile sehemu zilizonigusa. Zile chapta za kufundisha ukizisikiliza zinapita kirahisi zaidi kuliko ukizisoma, maana sauti haikusubiri, na wewe dirishani unaona watu na bodaboda, akili haichoki. Na zile zilizokataa kabisa niliziruka, sijarudi na sioni nilichokosa.

Alafu ikaja ya 91 na 92. Meli inakutana na meli ya Wafaransa imefunga mizoga ya nyangumi ubavuni, inanuka mpaka watu wanaziba pua. Stubb, msaidizi wa pili wa Ahab, anajua kwenye mzoga mmoja uliokauka kuna mali, anamdanganya nahodha wa Kifaransa autupe, kisha anauchimba kwa jembe, anaingiza mikono anatoa mabonge ya kitu laini kinachonukia vizuri katikati ya uvundo wote ule. Ambari! Mimi nimekulia Tanga, udi na ambari nimeyasikia kwenye nyimbo za harusi kabla sijajua kusoma. Bibi yangu alikuwa na kipande hakizidi punje ya mahindi, kimezungushiwa pamba ndani ya kikopo cha bati, akifungua ni siku kuna jambo kubwa, na hatukuruhusiwa kukigusa. Kumbe kinatoka tumboni kwa nyangumi, na Melville anasema Waturuki walikuwa wanapikia na kukipeleka Makka. Nilipitiliza kituo siku hiyo. Kuanzia hapo nikaanza kumwelewa huyu mwandishi, kwamba anapofundisha anafundisha kwa sababu anakipenda hiki kitu mno, kama mvuvi ukimuuliza habari za nyavu, hajui aishie wapi.

Mwisho wake ndo unalipa kila kitu. Chapta ya 132 Ahab, yule yule mkali anayetaka kuua nyangumi mmoja mweupe, ndo Moby Dick mwenyewe, hata kama wote wataangamia, anasimama ukingoni mwa meli chozi linamdondokea baharini. Anamwambia Starbuck, msaidizi wake wa kwanza, kwamba miaka 40 yuko majini, alioa ameshavuka hamsini na siku ya pili yake akasafiri, mke wake ni kama mjane wakati mume yuko hai. Starbuck anambembeleza wageuze meli warudi nyumbani, na yeye ana mke na mtoto. Kwa dakika kadhaa nikaamini kabisa watarudi, najua hawarudi lakini nikaamini. Alafu siku tatu za kumfukuza yule nyangumi mweupe, 133 mpaka 135, anatokea huko mwisho kabisa, na hizo msizisikilize kwenye daladala, zisomeni mmekaa. Msipitwe pia na ya 36 anapogongomelea sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti, na ya 110, jeneza la Queequeg, mtakuja kujua kwanini.

Nakipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya zile chapta tatu za michoro. Kiingereza chake ni kigumu, sidanganyi, kuna sentensi nilizirudia mara nne. Kama hutaki kununua, kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kipo bure na simu ya kawaida inakifungua, na maandishi unayakuza utakavyo, kwa macho yangu hilo peke yake lingenisaidia sana. Kama umefika chapta ya 22 hujampenda Ishmael wala Queequeg, acha, tafuta kingine, sidhani mbele kutakubadilisha.

Kopi yangu nilivyomaliza nilichukua penseli nikaendeleza ile mistari, kuanzia chapta ya 33 kwenda mbele, na neno ambari nikaliandika pembeni kwa Kiswahili. Sasa hivi iko kwa jirani yangu, na penseli nimemwachia humohumo ndani.