Microsoft Family Safety: inafaa, mradi mtoto asiwe msimamizi wa kompyuta

Nyumba yenye kompyuta moja ya Windows 10 au 11 inayogombaniwa na watoto wa shule, tunaishauri ianze na programu hii ya Microsoft ya kumwekea mtoto vikomo vya matumizi ya kompyuta. Vikomo vya muda ni bure. Mzazi huunda kikundi cha familia kwa akaunti yake ya Microsoft, humfungulia mtoto akaunti kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, kisha mtoto huingia kwa akaunti hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Akaunti ya kwanza ya Windows huwa ya msimamizi (administrator), yenye mamlaka ya kubadilisha mipangilio yote, na laptopu ya mtumba iliyonunuliwa mjini Mombasa mara nyingi huwa na hiyo moja tu, tena bila neno la siri. Mtoto akiachiwa hiyo, atajifungulia akaunti nyingine isiyo ya Microsoft na vikomo havitamgusa. Yake iwe ya mtumiaji wa kawaida; ya msimamizi itiwe neno la siri asilolijua.

Ratiba hupangwa siku kwa siku, kwa jumla ya muda na saa anazoruhusiwa. Anayetoka shule akapitia chuoni (madrasa) hadi magharibi, dakika 60 kati ya saa moja na saa tatu usiku zinamtosha. Kuwa makini na saa: andika 7:00 PM hadi 9:00 PM. Ukijaza 1:00 hadi 3:00 kwa mazoea, umemfungulia usiku wa manane.

Muda ukiisha, skrini hujifunga. Anaweza kuomba nyongeza ukamkubalia kwenye simu, ila kompyuta haitapokea ruhusa hiyo isipokuwa na intaneti. Bando likiisha, utabonyeza bure.

Kichujio cha tovuti hakituridhishi. Kinafanya kazi ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft, pekee, na kikiwashwa huzuia vivinjari vingine vinavyotumika sana. Ukimruhusu Chrome kwa ajili ya masomo, huko hakuna kichujio. Kwa hiyo kompyuta ikae sebuleni, skrini ikitazama watu.

Mkao nao programu haiwezi kuusimamia. Skrini iwe sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni, ukingo wa juu usawa wa macho. Laptopu iinulie kwa vitabu na uongeze kibodi ya nje, la sivyo shingo itainama. Miguu ikining'inia, weka kibao chini. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Na feni isimpulize usoni, maana macho hukauka haraka mtu akikodolea skrini.